Dhamana ya Kupauka

Jumapili, 3 Novemba 2024

Mvua ya kwanza ya maana. Imeanza tukiwa bado kanisani, na tulipofika nyumbani chumba cha mama mkwe kilikuwa kinavuja sehemu mbili — moja juu ya kitanda, nyingine juu ya sanduku lake la vitenge. Nyumba haina hata miaka mitatu! Bati la msauzi, mtindo wa Afrika Kusini, rangi ya maruni, lile ambalo watu wa hapa Kisesa walikuwa wanasimama barabarani kulitazama.

Mama mkwe amesogeza kitanda mpaka karibu na mlango, akaweka beseni, akakaa kuliangalia linavyojaa. Kimya chake ndicho kinachonichosha. Angelalamika ningejua la kujibu.

Na najua kwa nini halalamiki. Paa hili lilipigwa na Shigela, kitinda mimba wake, mdogo wake Mihayo, mume wangu. Hakutaka malipo. Alisema ndiyo mchango wake kwa nyumba ya kaka yake. Sasa nani ataanza kusema kwamba mchango unavuja? Mume wangu? Labda mimi, mkwe kutoka Bukoba. Sithubutu.

Nimeanika vitenge vyote sebuleni. Nimechoka, na kesho ni Jumatatu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimempigia Mihayo. Yuko Kahama na lori, mzigo bado haujashushwa. Anasema, mbona tuna dhamana? Yule dada wa dukani si alituambia miaka kumi na tano?

Kweli! Alituambia wote wawili tumesimama pale. Nakumbuka hata alivyosema: mama, bati yetu haipauki, miaka kumi na tano haipauki. Nikamsamehe ngeli, nikanunua.

Nimeitafuta kadi, nimeikuta chini ya vyeti vya ubatizo. Imeandikwa kabisa: dhamana ya miaka kumi na tano dhidi ya kupauka na kutu. Nikashusha pumzi. Maana hii ndiyo kazi yangu, hii nawafundisha kidato cha pili kila mwaka. Kung'oa, kung'oka. Kubomoa, kubomoka. Kupaua, kupauka! Kupaua ni kuweka paa. Kupauka basi ni paa kujiachia, kutoka pale lilipofungwa. Ndicho kilichotupata. Tumepona!

Nikamkimbilia mama mkwe jikoni: mama, usiwe na wasiwasi, tuna dhamana. Mwiko ukamtoka mkononi. "Dhamana ya nani? Shigela kakamatwa?"

Ilibidi nimkalishe. Kwake dhamana ni kitu cha polisi tu, unakwenda kumtolea mtu. Nimemweleza kwamba hata bati huwekewa dhamana, kampuni inaahidi. Akauliza, sasa bati nalo limekosa nini? Nikasema hii wengine wanaita waranti. "Haya, hiyo walanti yenu," akasema, akaokota mwiko. Moyo wake wote uko kwa yule mtoto.

Alhamisi, 7 Novemba

Shigela amekuja. Kapanda juu kama paka, katembea bati zima, kagonga hapa na pale, kashuka anacheka. Eti bati lao bovu, shem, laini kama karatasi, ona lilivyoshika kutu. Waite waje waone aibu yao!

Nikamuuliza kama siyo misumari. Akasema, nshomile umeanza. Ndivyo anavyoniita nikiuliza swali lolote, msomi wa Kihaya mwenye maringo. Sisi Wahaya tukiuliza ni majivuno, tukinyamaza ni majivuno. Nimezoea.

Habari yake njema: kampuni hiyo hiyo ya mabati imemwita kwenye mafunzo ya mafundi mwezi wa kwanza. Ukishapita, duka linakuletea wateja lenyewe. Hutafuti tena kazi, kazi inakutafuta. Mama mkwe alipiga kigelegele kidogo, cha sauti ya chini, kwa sababu jirani wana msiba. Ni mara ya kwanza namwona anafurahi wiki hii. Nikafurahi na mimi, kwa dhati. Shigela ametangatanga sana.

Jumamosi, 9 Novemba

Aibu. Aibu tupu.

Nimekwenda mjini na kadi yangu kwenye mkoba, kichwa juu. Dada wa dukani bado ni yule yule, anaitwa Hellen, amenenepa kidogo. Nimemweleza paa limepauka. Akasema pole mama, limekuwa jeupe? Nikasema hapana, linavuja. Akasema kuvuja siyo kupauka. Nikaanza — Mungu wangu — nikaanza kumweleza vitenzi. Paua, pauka. Wateja wawili wamesimama nyuma yangu na vipimo vyao vya kenchi za paa.

Hellen alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akanyoosha mkono wake juu ya kaunta, akaukwaruza kwa kucha ukatoka mstari mweupe. "Kupauka ndiyo huku, mama. Nimesahau mafuta leo."

Na mimi kila asubuhi pale mstarini nawaambia watoto wapake mafuta, miguu imepauka! Neno nalitumia kila siku ya Mungu. Nikaliona kwenye kadi nikalivalisha suti.

Basi, nimeelewa sasa, hata kama nimeelewa kwa kuchekwa. Dhamana ya duka ni ya rangi, kwamba haitafifia, na ya kutu, kwamba haitakula bati. Kuvuja ni ya fundi. Hellen alisema hivyo hivyo, kama anayeimba: kuvuja ni ya fundi mama, kupauka ni ya kwetu. Nikauliza, na ya fundi imeandikwa wapi? Akatabasamu. Ya fundi ni mapatano yenu na fundi wenu.

Mapatano yetu na fundi wetu yalikuwa ugali na sato.

Nikakumbuka kutu. Nikasema kutu ipo! Hapo akachangamka, akasema kama ni kutu atakuja mkaguzi, na likionekana kosa ni la bati wanabadilisha bila maneno. Jumamosi ya tarehe thelathini. Akachukua kadi kuangalia. Sehemu ya jina la fundi iko wazi, hatukujaza. Fundi wenu alikuwa nani, mama? Nikasema yupo tu, wa nyumbani. Akasema basi mkaguzi atajaza.

Nimerudi miguu inauma. Mama mkwe aliuliza walanti inasemaje. Nikasema wanakuja.

Jumatano, 13 Novemba

Kipindi changu cha nne kilikuwa wazi. Nimekaa ofisini nikageuza kadi nyuma. Maandishi madogo, nimevaa miwani na bado nikasogea dirishani.

Dhamana inafutika kama bati limekatwa kwa grainda badala ya mkasi. Cheche zinaunguza rangi, kutu inaanzia hapo. Dhamana inafutika kama misumari imepigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, maana maji hupita bondeni. Dhamana inafutika kama fundi hana mafunzo.

Nimebaki nimeshika kadi. Namkumbuka Shigela juu ya kenchi na grainda, cheche zinaruka mpaka kwa jirani, watoto wanashangilia kama fataki. Mihayo alipiga video! Akawatumia ndugu wote: oneni dogo anavyokata bati kama karatasi. Na mimi nilimpelekea maji ya kunywa, nikamsifu.

Nilipotoka shule nimeazima ngazi kwa jirani, nikapanda. Mwalimu mzima na sketi. Sikufika juu, nimeishia pembeni pale paa linapokunjana, na palitosha. Kutu imefuata mstari wa grainda. Haikukosea hata kidogo. Kwingine bati ni zima, linang'aa, maruni kabisa. Halijapauka! Na misumari, mingine mgongoni, mingine bondeni, kama aliyekuwa anapiga huku anaongea. Bila shaka alikuwa anaongea.

Kwa hiyo bati si bovu. Nimeshuka nikarudisha ngazi. Jirani kauliza kuna nini huko juu, nikasema naangalia tu mandhari.

Jumapili, 17 Novemba

Mihayo amekuja jana, amekula, amelala, leo baada ya misa nikamwambia yote. Grainda, misumari, kadi, mkaguzi. Alisikiliza anachokonoa meno. Akasema usimwambie Shigela. Usimwambie mama. Acha mkaguzi aje, huenda asione.

Asione nini? Kutu ya mstari mnyoofu?

Akasema nisikate tamaa, wakaguzi nao ni watu. Halafu akasema hatuna namna ya kuezeka upya nyumba hii, mama Rebeka, wewe unajua. Najua. Hilo ndilo ninalolijua kuliko yote.

Wanaume wa ukoo huu wanaamini jambo lisiposemwa halipo. Ameondoka na lori lake alasiri. Mimi nimebaki na paa, na mama yake, na siri ambayo kila mtu anaiona akiinua kichwa.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua. Mabeseni matatu na sufuria ya pilau. Gipsamu ya dari chumbani mwa mama imelegea, pembeni inaning'inia.

Mama mkwe amehamia sebuleni na mkeka wake. Anasema ni kwa ajili ya hewa.

Anakohoa.

Jumamosi, 23 Novemba

Usipoziba ufa utajenga ukuta — methali hiyo nimeiandika ubaoni mara ngapi? Hakuna aliyewahi kuniambia usipoziba paa utafanya nini. Unahamisha wazee sebuleni.

Hellen amepiga simu kuthibitisha. Mkaguzi anaitwa Pius, atakuja tarehe thelathini asubuhi. Kasema tuwe na kadi na jina la fundi, na kama fundi mwenyewe yupo ni vizuri zaidi. Siku hizi wanaandika majina ya mafundi wote, wazuri na wabaya, ili wajue nani wa kumpa wateja na nani wa kumkwepa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ni kampuni ile ile ya mafunzo ya mwezi wa kwanza. Jina la Shigela likiingia kwa Pius, mafunzo atayasikia redioni.

Ningeweza kusema, dada Hellen, tughairi. Maneno matatu. Sikusema. Nimesema sawa, tutakuwepo. Nataka paa langu! Hata hapa, peke yangu, naona haya kuandika, lakini nalitaka. Nimefundisha miaka yote hii nikipanga vyumba vinavyonuka mafuta ya taa ya watu wengine. Huyu Pius akiwa mvivu, akiishia kwenye kutu asiangalie inakoanzia, mama atalala pakavu. Mihayo kaniambukiza matumaini yake mabaya.

Jumanne, 26 Novemba

Nimemwambia. Kwa nini lazima niwe mimi, sijui, lakini nimemwambia.

Shigela anapaua nyumba kule juu, upande wa pili wa barabara ya Musoma. Nimefika kutoka shule na mafaili yangu ya mitihani, nikasimama chini. Alikuwa anakata bati. Kwa grainda. Nikasubiri amalize, cheche zikaisha, akavua miwani. Shikamoo shemeji, anapenda kunitania hivyo. Nikamwomba ashuke.

Mwanzoni alicheka. Shem, fundi gani wa Mwanza hii anakata na mkasi? Tutamaliza lini? Nikampa kadi asome nyuma. Alisoma taratibu, kidole chini ya mstari. Aliporudi juu kusoma tena ile ya misumari nikageuka pembeni nikaangalia barabara.

"Kwa hiyo wataandika jina langu."

"Wataandika."

Akasema, basi usinitaje, shem. Hakunisihi. Angenisihi ingekuwa rahisi kukasirika. Nikamuuliza, na paa langu? Akasema atarekebisha. Kwa bati lipi, Shigela? Akaangalia bati la mwenye nyumba yule, akaangalia grainda. Mwenye nyumba akatokea kuuliza mbona kazi imesimama.

Sikumwahidi. Niliondoka bila kumwahidi. Njiani machozi yalinitoka, ya uchovu zaidi kuliko huruma, ingawa huruma nayo ilikuwepo. Huyu ndiye aliyenibebea Rebeka mgongoni mpaka zahanati siku ile ya degedege, wakati kaka yake yuko safarini kama kawaida.

Jioni alikuja nyumbani. Hakuniona, nilikuwa chumbani nasahihisha. Akakaa na mama yake mlangoni, wakaongea Kisukuma, polepole. Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu na chakula. Nilisikia "gulainda". Nilisikia jina langu. Kisha mama akawa anaongea peke yake, muda mrefu.

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika haraka. Nimeingia ndani kwa kisingizio cha kutafuta kadi. Kadi iko kwenye mfuko wa gauni langu.

Pius amekuja na bodaboda, mtu wa makamo, mpole, ana tepu na simu ya kupigia picha. Alimwamkia mama mkwe kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, mama akapewa kiti kibarazani akawa kama bibi harusi. Shigela alikuwa ameshafika. Kaja na ngazi yake mwenyewe begani, kavaa shati la kanisani. Pius akamuuliza, wewe ni jirani? Akasema ndiyo, nawashikia ngazi tu.

Nikasema moyoni, haya, ndivyo itakavyokuwa.

Pius si mvivu. Ee Mungu, si mvivu hata kidogo. Alianzia pale pale kwenye kona, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye kutu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akapiga picha. Akahesabu misumari ya bondeni kwa sauti. Kisha akaita kutoka juu: mama, nani alikata bati hili kwa grainda?

Shigela ameshika ngazi kwa mikono miwili. Hakuinua uso. Mama mkwe kaniangalia. Rebeka kaniangalia, hajui hata kwa nini. Nikasema ngoja nilete kadi, nadhani jina limeandikwa kwenye kadi. Uongo wa kitoto. Nikaingia.

Sasa nipo huku, kitanda cha mama kimesukumwa ukutani, gipsamu inaning'inia juu yangu. Nawasikia kupitia dirishani. Pius ameshuka. Anasema bila jina la fundi hawezi kufunga taarifa, na akimpata fundi mwenyewe huenda wakazungumza, kampuni huwa inasaidia nusu ya gharama kama fundi anakubali kosa na kurudi kufunga upya. Anasema hivyo! Nusu! Kwa nini Hellen hakutuambia? Shigela amesikia pia, lazima amesikia, yuko hapo hapo.

Nilikuwa nimeshasimama nitoke. Nimeshika kitasa.

Ndipo mama mkwe akasema. Sauti kavu, ya kawaida, kama anayetaja bei ya dagaa. "Fundi wetu alishafariki, baba. Mwaka jana."

Mama huyu! Kwao mtu akipiga chafya tu anaambiwa kua, yaani aishi. Hajawahi kutaja kifo karibu na mtoto wake yeyote, hata kwa utani, hata mtoto akiwa na homa. Na mtoto amesimama hatua chache mbele yake, kashika ngazi.

Nimekaa tena, naandika, ili mikono iwe na kazi. Nikitoka nikasema kweli, nimemfanya mama mwongo mbele ya mgeni, na nimemtaja mwanawe. Nikisema ndivyo, alifariki, basi na nusu yetu imezikwa naye. Na nitakuwa nimemzika mimi, kwa mdomo wangu, shemeji aliyebeba mwanangu.

Pius amevua kofia ya pikipiki, nimemwona kwa pazia. Anasema poleni sana mama, poleni wote. Anamgeukia hata Shigela, anampa mkono wa pole. Shigela kaupokea.

Sasa anauliza, kwa upole kabisa, kalamu iko tayari: marehemu alikuwa anaitwa nani?

Mama amefunika mdomo kwa upande wa kitenge.

Anayejibu ni Shigela. Haniiti mama Rebeka, kama jirani angeniita. Anaita kwa sauti, mpaka Pius anageuka kumtazama:

"Shem! Njoo umtaje marehemu."